Taya la Dada na Rula ya Daktari

Chumba cha nyuma,
Jumapili, nguo zingali kambani.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. U mzima huko? Mgongo umekuachia, au bado unainuka kitini kwa awamu? Sisi hatujambo. Mama mzima, sauti yake nzima zaidi. Mimi ndiyo usiseme: pale gereji fundi hagusi injini kabla sijaisikiliza. Anadai nasikiliza ili nikwepe kazi. Wivu huo.

Sasa habari ya dada yangu mdogo na yale meno aliyorithi kwako. Usinune, kila mtu anajua ni yako. Shuleni wanamwita Kifungua Soda. Hospitali ya serikali hufunga nyaya za kunyoosha meno bure, ila uwe hujatimiza miaka kumi na minane, na meno ya juu yawe yamepita ya chini kwa zaidi ya milimita sita. Yeye anatimiza mwezi ujao. Za kulipia, hata tukiuza kabati na Mama akiwa ndani, hatuziwezi.

Nikampeleka mimi, msomi wa familia. Daktari, mama mmoja mpole, akaingiza rula ndogo kama ya mwanasesere. "Tano. Pole mwanangu, hujafika."

Tano? Meno yanayofika mezani kabla yake? Nikamkodolea dada macho, nikaona: taya la chini kalisukuma mbele, vile anavyofanya kwa wageni na kwenye picha. Kazoea kujificha, mpaka kajificha kwa daktari!

"Anadanganya huyo!" nikasema.

"Nidanganye nini? Nimeuma kama kawaida," akajibu, machozi yakimlengalenga.

Kweli hakujua. Basi nikakuigiza wewe, Mjomba, unavyokoroma mpaka unajiamsha, kisha unauliza nani anakoroma. Akacheka akasahau mdomo, taya likarudi kwao.

"Hapo hapo! Usisogeze!" Rula ikaingia tena. Saba na ushee! Anafungwa nyaya Alhamisi.

Lakini kitu kinanikereketa. Benchini alikuwepo msichana mwingine, tano zake za kweli. Nilimchekesha na yeye, hazikuongezeka. Akaondoka kaziba mdomo kwa mkono. Nikamuuliza daktari, hiyo sita aliichagua nani, na alikuwa anamtazama nani? Akasema pesa haziwatoshi wote, lazima mstari upite mahali. Sawa, ila mbona rula haiulizi mtu anathubutu kucheka au hathubutu? Huko kwenu wanapimaje?

Halafu, Mjomba, nimezipanga picha zako zote. Kila moja umeweka mkono mdomoni. Siku zote nilidhani unawaza. Tutumie nyingine, mkono uwe mfukoni.

Mama anakusalimu, dada anakusalimu kwa meno yote, fundi naye, ingawa hakujui. Mungu akulinde, na akujalie usingizi wa kimya, majirani wapumzike.

Mimi mpwa wako, nikupendaye kuliko ninavyokutania,
Profesa wa Kidato cha Pili