Siku Turubai la Malaba Liliponifundisha Hesabu

Jumamosi. Busia imenyeshewa tangu asubuhi na viatu vyangu bado vimelowa, lakini leo sijali.

Wiki mbili zilizopita nilipata alama nne kwa thelathini kwenye mtihani. Mimi, mwalimu wa shule ya msingi, miaka kumi na sita mbele ya ubao, nimerudi kusomea digrii ya hesabu. Mhadhiri aliniambia kwa upole, "Mama, fikiria kuhamia somo lingine." Nililia chooni.

Kosa langu lilikuwa moja. Fanksheni, yaani kanuni ya kubadilisha namba, inazidisha kwa mbili, halafu inajumlisha tatu: tano inakuwa kumi na tatu. Kutafuta kinyume chake ni kuirudisha kumi na tatu iwe tano. Mimi nilikuwa nagawanya kwanza, kisha natoa. Nikapata tatu na nusu. Kila mara.

Jumatano nilimpelekea kaka yangu chakula Malaba, mpakani. Ni dereva wa lori, na alikuwa ameambiwa afungue mzigo ukaguliwe. Nilitaka kumsaidia, nikashika turubai.

"Dada, anza na kamba," akasema. "Nilifunga kamba mwisho, kwa hivyo inatoka kwanza."

Nilisimama pale kwenye matope kama mtu aliyeitwa jina lake. Cha mwisho kufanywa ndicho cha kwanza kufunguliwa! Nilitoa kalamu nikaandika kwenye kiganja: toa tatu, ndipo ugawanye kwa mbili.

Tano.

Leo somo lilikuwa pamutesheni, yaani kupanga upya vitu vilevile. Mhadhiri alituwekea viti vitatu: waliokaa cha kwanza na cha pili wabadilishane, kisha wa cha pili na cha tatu. Tuwarudishe walivyokuwa. Vijana wenye simu za maana walirudia hatua kwa mpangilio uleule, na hakuna aliyerudi mahali pake.

Niliinua mkono.

Niliwaita wanafunzi watatu mbele, nikawapitisha hatua zote mbili. Kisha nikaanza kurudi: kwanza cha pili na cha tatu, halafu cha kwanza na cha pili. Wote watatu wakarudi walikokuwa. Nikaandika uthibitisho ubaoni bila kufuta hata herufi moja.

Mhadhiri aliupitia mstari kwa mstari.

"Mwalimu," akasema, "rudia tena, polepole, wenzako waandike."

Nikarudia. Nilikuwa natabasamu mpaka mashavu yakauma.

Mtihani wa marudio ni Jumanne na siuogopi. Sijui mara ya mwisho kuandika sentensi kama hiyo ilikuwa lini.

Wasichana wawili wa darasani wameomba tusome pamoja. Kesho baada ya misa wanakuja kwangu Burumba. Nitawapikia ugali na omena, tutaondoa vyombo mezani, na chaki nitaishika mimi.