Saa Moja na Nusu kwa Ndege, Moshi Hadi Tanga

Suji

Mjukuu wangu Eliamani,

Marahaba. Bibi yako hajambo, tangawizi tumeshavuna. Unauliza enzi za Mwingereza ndege ilitumia muda gani kutoka Moshi hadi Tanga. Saa moja na nusu, na nikikumbuka bado nakasirika.

Nilikuwa likizo hapa nyumbani tulipopata habari kuwa mama amelazwa Tanga, atapasuliwa. Dada yangu Nakijwa akateremka nami mlimani hadi stesheni ya Makanya, akapanda treni ya Tanga. Mimi mjuaji nikapanda ya Moshi, upande wa pili kabisa, kwa sababu tajiri niliyempikia huko alikuwa na ndege ndogo.

Siku mbili tukangoja mawingu yaondoke. Tulipopaa, nikaiona stesheni ya Makanya chini yangu, pale pale nilipoanzia.

Nilipofika hospitali Tanga, mama alikuwa ameshapasuliwa. Nakijwa ndiye aliyemshika mkono alipoogopa. Sasa alikuwa anamlisha uji.

"Ulikuwa wapi, mwanangu?"

"Nimekuja kwa ndege, mama."

Akanitazama kidogo, kisha akafungua mdomo kupokea kijiko kingine.

Kwa hiyo safari zako, mjukuu wangu, uzihesabu kuanzia mlangoni.

Babu yako,
Elisante