Mgonjwa Aliyependeza

Milwaukee, Wisconsin
14 Novemba

Mpendwa mdogo wangu Verdell,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Vipi hali yako huko Alaska? Na mikono je, bado inakufa ganzi kwa kushika samaki wa barafu kutwa nzima? Sisi hatujambo, namshukuru Mungu, ingawa magoti yangu yanataka kustaafu kabla yangu. Simu yako nimepiga mpaka nimechoka, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Kanisani wazima. Ijumaa tulikaanga samaki wa kuuza, na Shemasi Thaddeus akala kuliko alivyouza. Hasemwi, ni shemasi.

Sasa mwanao. Nyree ana mimba ya miezi minane na presha inampanda. Usishtuke, mdogo wangu, lakini usipuuze pia.

Unamkumbuka Bi Earnestine, yule aliyekuwa akiwasindikiza wajawazito wetu kliniki? Kazi yake ililipwa na ruzuku ya serikali, kwa sababu mjini humu watoto weusi wanazikwa wengi kuliko weupe, na wewe uliyemzika mwanao Lamont akiwa mchanga huhitaji kuelezwa. Basi ruzuku imekatwa. Ofisi imefungwa, Bi Earnestine anauza mapazia dukani. Hata vile vipimo vya presha walivyowapa akina mama wakae navyo nyumbani vimekusanywa, eti ni mali ya mradi. Alikuja mwenyewe kukichukua cha Nyree, akalia kuliko Nyree.

Jumatatu kichwa kikamuuma mwanao, miguu ikavimba. Nikampeleka hospitali. Unajua Mama alivyotulea: kwa daktari huendi ovyo ovyo, watakudhania mlevi. Nyree akavaa gauni lake la Pasaka, wigi jipya, rangi ya mdomo, na zile hereni zako. Muuguzi akamtazama, akacheka.

"Mgonjwa gani huyu? Mbona umependeza hivyo! Nenda kanywe maji, upumzike."

Nikasema, "Samahani dada, hebu mpime presha kwanza." Akaniambia nisimtie binti hofu. Verdell, nilitaka kupiga kelele, nikaogopa wataniitia askari. Bi Earnestine angejua amwite daktari gani, na daktari angekuja, maana walimjua. Mimi ni mama mkubwa tu mwenye mkoba. Tukarudi nyumbani.

Barua niliiacha hapo jana. Leo asubuhi Nyree kanipigia, anasema anaona nyotanyota. Niko kwake sasa, tunangoja gari la wagonjwa, na yeye nimemlaza hapa kando yangu. Nisipoandika nitapiga mayowe. Nilipoingia nilimkuta mbele ya kioo, rangi ya mdomo mkononi.

"Mama mkubwa, leo niende vipi?" akaniuliza. "Nikipendeza wataniona mzima. Nikienda hivi nilivyo, hawatanisikiliza hata mlangoni."

Yesu wangu! Nilimvua wigi. Nikamwangalia alivyokuwa mdogo bila hilo wigi, na uso umemvimba. Nikamvika tena.

Naogopa, Verdell. Nasema wazi, naogopa. Kama mradi ungekuwepo, Bi Earnestine angekuwa kakaa hapa nilipokaa, na mimi ningekuwa jikoni nachemsha chai.

Mumeo Lionel nisalimie sana, pamoja na wenzako wa kiwandani. Shemasi anakusalimu, na Dada Philomena wa kwaya pia. Mungu akufunike kwa mkono wake huko baridini, na mkono wa pili auweke hapa juu ya mwanao, maana wangu haufiki popote.

Nasikia king'ora. Ukipata simu mahali popote, piga. Nyree kaniuliza tena abaki na wigi au avue. Wewe ungemwambia nini?

Akupendaye siku zote,
Dada yako Odessa