Taa niliyoipima kwa utosi wangu

Kibondo, Jumanne. Mvua inanyesha tangu alfajiri na sijaenda kazini. Siumwi. Ni aibu tu iliyonilaza.

Leo naandika nisiloweza kulitamka mbele za watu. Mama mdogo Anastazia, mdogo wake mama yangu, aliyenilea tangu nikiwa darasa la pili, amepoteza jicho la kushoto. Taa iliyomtoboa niliifunga mimi.

Mimi ni fundi umeme. Miezi miwili iliyopita tajiri mmoja wa maharage hapa mjini aliniita niweke taa kwenye stoo yake ya chini. Nyumba imejengwa kwenye mteremko, basi chini ya duka pamebaki chumba kifupi chenye dari ya zege, giza tupu hata mchana. Nilishusha waya kutoka darini, nikafunga holda na globu ile ya zamani inayochemka, bila hata kava. Tajiri alitaka ining'inie ili mwanga ufike kwenye magunia. Nikasimama chini yake kupima. Kilibaki kiganja kimoja juu ya utosi wangu. Nikasema safi.

Jamani, utosi wangu!

Huku kwetu nani anaingia stoo ya maharage mikono mitupu? Wanaobeba ni akina mama, na mama wa Kiha hubeba kichwani. Mimi mwanaume, mzigo wangu hukaa begani au kwenye baiskeli. Nimewaona wanawake wamejitwika tangu nazaliwa, mama mdogo mwenyewe kanisomesha kwa kujitwika, lakini siku ile nilipima kana kwamba wapitao pale ni mafundi watupu.

Siku ya ajali, yeye ndiye aliyekuwa anabeba. Aliingia kutoka juani, macho hayajazoea giza, karai limejaa kichwani na mikono yote miwili iko juu. Karai likaigonga globu, ikapasuka. Akainua macho aone ni nini kimelia. Vioo vikamwingia.

Umeme haukumpiga. Karai la bati na nyaya zile wazi, hata sitaki kufikiria.

Watu wamesema yao. Tajiri anasema mama alikuwa mzembe, kwa nini hakuinama? Ainame vipi na karai la maharage kichwani? Lakini nilipomsikia nilinyamaza. Nikanyamaza hospitalini, nikanyamaza kanisani walipomwombea. Baya kuliko yote, kesho yake baada ya ajali tajiri aliponipigia simu nilikwenda, nikafagia vioo, nikafunga globu nyingine kwenye waya uleule.

Ndiyo, nilifanya hivyo.

Jana nilikwenda kumwona na kilo moja ya sukari. Nilimkuta barazani, kitambaa jichoni, anachambua maharage huku ameusogeza ungo karibu na uso. Hata kabla sijakaa akaanza kuniomba radhi mimi. "Nisamehe mwanangu, nilikuvunjia taa yako. Mawe, mama yangu wee, uzembe wangu!"

Nililia palepale, mtu mzima na ndevu zangu. Nikamwambia yote: kwamba taa ilikuwa chini mno, kwamba nilijipima mwenyewe nikamsahau, kwamba yeye hakukosea kitu. Nilitegemea anitukane. Ningefurahi anitukane.

Aliokota kijiwe kwenye ungo, akakitupa uani. Kisha akauliza, "Na wanaobeba sasa hivi, umewatolea ile taa?"

Hakuniuliza tena. Alinisogezea stuli nikae, akaendelea kuchambua.

Jicho lake hakulitaja kabisa.

Asubuhi hii nimempigia tajiri simu. Anasema niiache, mwanga unatosha, mbona hakuna mwingine aliyeumia? Sikubishana naye. Mvua ikatike isikatike, nikimaliza kuandika nakwenda. Ule waya nitaukata. Taa nitaibana ukutani, kule kwenye kona wasikopita, niivalishe kava la chuma. Na kabla sijapigilia msumari wa kwanza nitamwomba mama yeyote nitakayemkuta apite na karai lake kichwani, nitazame.

Siku ile ingenichukua dakika moja tu.