Kamba Mkononi, Foleni ya Makaa

Bonde la Kisima Chekundu, 12 Novemba

Dulmaa mwanangu,

Waendeleaje na baridi huko foleni? Kifua kizima? Miguu bado unaisikia? Huku tu salama, mimi na mbwa na wale ngamia wachache waliobakizwa na baridi ya mwaka jana, na mwenye afya kuliko sote ni mbwa.

Kwanza ujue kuwa baba yako sasa ni dereva. Jana nimeliendesha lori la Handaa muuza maji kutoka kisimani hadi mlangoni kwetu, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine kwenye ugoro, na Handaa mwenyewe kashika mdomo kwa mshangao.

Haya, nisikudanganye, maana Handaa ndiye anayekuletea barua hii na mdomo wake hauna kifuniko. Lori lilikuwa limezimika. Liliburutwa na ngamia wawili, mimi nimeketi ndani nageuza usukani, na bado nikaligonga zizi. Lakini honi nilipiga mwenyewe, hilo hata yeye hawezi kulikana.

Simu uliyoniachia naipandisha kilimani kutafuta mtandao, inanionyesha saa basi. Saa naijua kwa jua. Kwa hiyo tuandikiane tu, ingawa mwalimu wangu wa darasa la nne alisema mwandiko wangu ni kuku aliyekanyaga wino.

Handaa kanisimulia habari ya yule kijana wa lori la kijani. Walimkuta ndani ya kebini, jiko lake la makaa lingali na joto, madirisha yote yamefungwa, naye hakuamka. Neno lenyewe siliandiki. Ukiliandika neno hilo linajifunza njia ya kuja kwako. Ila nisikilize: jiko likiwaka, dirisha liache wazi kwa upana wa ngumi. Ngumi yangu, si yako.

Nakutumia maziwa makavu, kipande cha sufu nzito cha kufungia miguu, na kengele ya yule ngamia wetu kiongozi. Kengele nimekuazima tu.

Na usijifanye umesahau. Kabla hujaondoka tulirusha mifupa ya vifundo vya kondoo, ukashindwa vibaya, na ahadi ilikuwa kwamba mshinde ataamka asubuhi moja kabla ya mwenzake awashe jiko, mshindi abaki kajifunika. Nakudai asubuhi yangu. Njoo Mwezi Mweupe, sikukuu yetu ya mwaka mpya, unilipe.

Baba yako,
Choijil

Foleni ya mpakani, 27 Novemba

Baba yangu,

Majira ya baridi yanakwendaje? Ngamia wana nundu za kutosha? Mgongo wako? Mimi mzima, nakula, kifua hakina neno.

Nimecheka habari ya zizi mpaka Gombo akaja kugonga mlango kuuliza kama nimepata wazimu. Gombo ni dereva wa lori la nyuma yangu, mtu mzima, mjane, ana meno mawili ya dhahabu na matusi ya kutosha kituo kizima.

Foleni haijasogea. Lango la Wachina lilifunguliwa asubuhi moja, yakapita malori machache, likafungwa, na hakuna aliyetuambia kwa nini. Mbele sioni mwanzo, nyuma sioni mwisho. Sote tumebeba makaa, na vumbi lake limeifanya theluji kuwa nyeusi. Tunaiyeyusha hiyo hiyo tunaogea.

Shida kubwa ni usingizi. Foleni husogea wakati wowote. Ukiacha pengo mbele yako, wa nyuma anachomoka pembeni mchangani na kulijaza, nawe ukishapoteza nafasi unarudishwa mkiani, uanze upya. Basi kila dereva hufunga kamba ya singa za farasi kwenye mkia wa lori la mbele, akaipitisha dirishani, ncha akajifunga mkononi kwa fundo la kuteleza. La mbele likiondoka, mkono unavutwa, unaamka. Mimi nimeongeza kengele yako karibu na sikio. Gombo alipoisikia akaniuliza:

“We binti, hiyo kengele ya ngamia au ya mama mkwe?”

“Ya ngamia. Ila ikilia wewe usije. Ngamia ana akili.”

“Kamba yangu imefungwa kwenye mkia wa lori lako,” akasema. “Ukilala, nalala. Ukipitwa, napitwa. Kwa hiyo mimi ni ndama wako, utake usitake.”

Baba, naogopa. Lile lori la kijani bado lipo. Walimchukua mwenyewe, lori wameliacha, na sisi tunapolipita kwa miguu hakuna anayegeuza shingo kutazama ndani. Bila jiko mate yanaganda kwenye blanketi. Nikiliwasha, naamka kichwa kinagonga kama kuna mtu ndani. Naogopa kulala na naogopa kukesha.

Dirisha naliacha wazi. Kwa ngumi yako.

Binti yako,
Dulmaa

Bonde la Kisima Chekundu, 8 Desemba

Dulmaa,

Waendeleaje na baridi? Usinijibu “mzima” kwa mazoea, nijibu kweli.

Huyo Gombo mwulize hayo meno ya dhahabu aliyapata wapi, na kama yanatafuna nyama au ni ya kuchekea wanawake tu. Mwambie ndama wa kwetu tunamfunga kamba shingoni. Akikubali, mlete, nimkague miguu na ulimi kama ninavyokagua wengine.

Nimekuwa nikifikiria biashara hii yenu. Tunawachimbia Wachina mlima wetu, tunaupakia kwenye malori, tunawapelekea wapate moto. Wao wanatupa tufaha, vitunguu, na chupa za kutunzia chai ya moto. Yaani tunatoa moto, tunarudishiwa chupa! Na ya mwisho uliyoniletea imeshapasuka, chai inapoa kabla sijapata la kusema. Nani alikaa akapatana bei hii? Hakika hakuwahi kuuza hata mbuzi.

Nimeandika hayo ili ucheke. Sasa acha kucheka. Kichwa kikiuma, usingoje kuona kama kitapoa. Toka nje. Ukishindwa kutembea, tambaa. Ukishindwa kutambaa, vuta kamba, piga honi, mtukane Gombo, fanya lolote lenye sauti. Moshi wa makaa ni mgeni mpole, haubishi hodi, haunuki, unakutandikia kitanda kabisa. Mtu hafi kwa

Nimelikata. Unaona ulichonifanya? Nilikuwa nimeapa siliandiki.

Mbwa tangu juzi analala nje akitazama kusini. Nimempa mfupa, hautaki. Nimemwambia mpumbavu wewe, huko kuna makaa tu. Asubuhi nilitoka na kibuyu cha maziwa nikanyunyiza kuelekea kwenu kukuombea njia njema, kama siku ile nilipoyarusha nyuma ya magurudumu yako. Maziwa yaliganda kabla hayajagusa chini. Yalianguka yakilia kama vioo. Sikupenda.

Kama lango halifunguki, liache lori, uje. Ngamia tutawafuga wengine.

Baba yako

Foleni ya mpakani, 21 Desemba

Baba,

Ngamia hawajambo? Wewe hujambo? Naandika kwa haraka, Handaa anaondoka, wingu la theluji limesimama upande wa kwenu.

Usije. Na mimi siwezi kuja. Lango limefunguliwa, tunasogea! Leo nimeliona paa lake kwa macho yangu. Nikiliacha lori sasa nitakuwa nimekaa huku bure, na ngamia hao wengine tutawanunua kwa pesa gani? Nikipita nashusha makaa, napakia tufaha, narudi. Mwezi Mweupe utanikuta kwako.

Gombo anakusalimia. Anasema meno yanatafuna, na ulimi wake tayari unaujua, hauhitaji kukaguliwa. Kila tukisogea anakuja kunigongea kuhakikisha niko macho. Namtukana, anafurahi.

Baridi imezidi, kalamu naipasha kwapani ndipo iandike, usione mwandiko unayumba. Lakini sasa nalala vizuri kuliko mwanzo. Sufu uliyonitumia imenisaidia mno, upepo hauingii tena kabisa.

Mchemshie mbwa supu, aache kutazama huku.

Binti yako,
Dulmaa

Ndani ya lori lako, 26 Desemba

Dulmaa mwanangu,

Waendeleaje? Safari hii nauliza na sina mwingine wa kuniambia ila wewe.

Niliisoma barua yako nimesimama, Handaa yuko mlangoni anapuliza chai. Nikafika pale: upepo hauingii tena. Nikarudia. Upepo hauingii wapi? Sufu ile nilituma ya miguu. Handaa akaniuliza, “Mzee, mbona umebadilika rangi?” Nikamwambia washa lori. Akasema theluji inakuja. Nikamwambia washa lori, Handaa, au nitaliendesha mimi, na unajua litakachogonga. Hakucheka. Akaimwaga chai, akawasha. Njia nzima alinisimulia habari za visima, na mimi njia nzima nilikuwa nasikiliza kengele isiyokuwapo.

Tulipofika lori lako lilikuwa mahali pake, mlango wazi, ndani hakuna mtu. Nikageuka nikimbie, sijui wapi. Gombo ndiye aliyenishika. Ni mfupi kuliko nilivyomfikiria.

Akanieleza hivi. Foleni ilisogea mchana kweupe. La mbele yako likaondoka, kamba ikavuta, kengele ikalia mpaka yeye aliisikia kule nyuma, na lori lako halikutikisika. Madereva wakaanza kupiga honi, wengine tayari wanachomoka pembeni. Akashuka anakuja kukutusi.

“Nilikuwa nimeliandaa tusi zuri, mzee,” akaniambia. “La bibi yake na punda. Nikafungua mlango, nikalisahau lote.”

Fundo lilikuwa limeshateleza mkononi mwako. Sufu ulikuwa umeishindilia dirishani, kwenye ile nafasi ya ngumi yangu. Alikutoa, akakulaza kwenye theluji nyeusi, akakusugua uso, akakuita kila jina, hata yale yasiyo yako. Gari la zahanati likakuchukua, naye akalisogeza lori lako lisipoteze nafasi. Njia ya kwenda huko sasa imezibwa na theluji, linapita gari hilo tu, na halipakii wazee wazima. Dereva wake nimemsihi, nimemtania, nimempa ugoro wangu wote. Amekubali barua tu. Anasema unapumua. Anasema hujafungua macho wala hujasema neno. Nikamwambia basi huyo si binti yangu, wa kwangu hajawahi kunyamaza hata akinyonya. Akatazama chini. Sikupenda alivyotazama chini.

Wewe muuguzi utakayemsomea, msomee karibu na sikio la kulia, ndilo alilokuwa akiwekea kengele. Pale pa bibi na punda paza sauti.

Dulmaa, nafasi yako ipo. Nimekaa kwenye kiti chako, kamba mkononi mwangu, dirisha wazi, na ngumi yangu naipitisha kila mara kuhakikisha. Jiko nimelitoa nje, Gombo amelipiga teke. Tumejifunika manyoya ya Handaa, tunatetemeka kama wanagenzi wa mieleka. Kengele ikilia, mimi napiga honi (hiyo najua), Gombo anakimbia anakuja kulisogeza lako, halafu anakimbia tena kurudi kulisogeza lake. Wa nyuma walianza kuchomoka pembeni, wakaona mzee ananing'inia dirishani na kengele ya ngamia anawatukania koo zao zote. Wakarudi. Tangu hapo wanatungoja. Mmoja ametuletea supu.

Paa la lango naliona. Tukilifikia, Gombo ataliingiza lako kwanza. Tufaha ulizotaka tutazipakia. Sitazigusa.

Nimeogopa vitu vingi na vyote nimevitania vikaondoka. Hiki nakitania, kimekaa tu pale.

Sikuombi neno kubwa. Ila mifupa ile ya kondoo ilianguka mbele ya macho yako, ukashindwa, ukaahidi kwa mdomo wako. Asubuhi moja tu, mwanangu. Amka kabla yangu, uwashe jiko. Mimi nitabaki nimejifunika, nijifanye nimelala, nikusikie unavyolaani kuni mbichi.

Baba yako