Skrini ya Baba

Jumatatu, 3 Juni
Nimeanza. Siku mia, kila siku nasanifu skrini moja ya simu kabla ya kwenda kazini. Ijumaa mkuu wetu alisema mbele ya wote: kazi zangu zinapendeza ila hazitumiki. Nilicheka na wenzangu. Chooni ndiko nilikolia. Leo – ukurasa wa kuingia. Wa kawaida tu.

Alhamisi, 6 Juni
Siku ya nne. Kikokotoo, vitufe vimebanana. Baba kakaa dirishani. Mwezi wa tatu huu yuko kwangu, tangu kiharusi kilipomfunga ulimi. Dada kapiga simu, anauliza hali. Nikasema yupo tu. Baba alisikia kila neno.

Jumanne, 11 Juni
Nimeacha orodha ya mazoezi ya siku mia, nimemchorea Baba skrini ya vitufe vya kumsemea. Maji. Choo. Naumwa. Ndiyo. Hapana. Kila kimoja nikakirekodi kwa sauti yangu. Kidole kikatetemeka – alitaka Maji, simu ikasema Choo. Akaitupa. Basi mkuu hakunionea.

Jumatano, 12 Juni
Vitufe vikubwa, vyenye nafasi, vyote kushoto uliko mkono wake mzima. Akabonyeza. "Maji." Tukatazamana. Nikamletea, hakunywa. Akabonyeza tena. Na tena. Nadhani alitaka kusikika tu.

Jumamosi, 15 Juni
Siku ya kumi na tatu. Nimeongeza skrini ya pili, ya majina ya watu wetu. Chini ya skrini zote mbili nikaweka kitufe cha kurudi mwanzo, kama programu zote: picha ya kijumba, na sauti, "Nyumbani."

Dada kaja kumwona. Baba akabonyeza kijumba. Skrini ya kwanza ikaja. Akabonyeza tena. "Nyumbani. Nyumbani."

"Kimekwama hicho," Dada akasema. Nikakagua. Hakijakwama.

Nikachuchumaa mbele yake. "Baba, unataka skrini ya mwanzo?" Akabonyeza.

Hapana.

"Unataka kurudi kwako?"

Dada akanikatiza: nisimuulize hivyo, kule nani atamwogesha, na ngazi zile atazipandaje. Baba hakumgeukia. Kidole kikashuka taratibu.

"Ndiyo." Kwa sauti yangu mwenyewe.

Sasa Dada yuko jikoni, anaosha vyombo vilivyokwisha oshwa. Anasema nikiondoe kile kitufe cha Nyumbani, ni kazi ya dakika moja. Kweli, ni dakika moja. Kompyuta iko wazi mbele yangu. Baba ananitazama, kidole hajakiondoa kwenye Ndiyo –