Papai kwenye kibao cha kuku

Unakumbuka jirani alivyoniuliza, "Mkwe wako akishika mimba tena, atakubali kula mkononi mwako?" Nikamcheka. Mwenzangu, leo sicheki.

Nimemkatia mkwe papai, na ana mimba changa. Kala lote, kalamba na vidole. Ndipo akakiona kibao cha kukatia.

"Mama, papai umelikatia hapo? Hapo ulipokatia kuku mbichi?"

Nikasema nimekisuuza, mwanangu, na chakula nimekiombea kabla hujala.

"Umekisuuza kwa maji tu, mama?"

Maji tu! Ndivyo nilivyopika miaka yote, nikalea watoto wanne. Lakini wanasema vijidudu vya kuku mbichi huweza kutoa mimba, na ile yake ya kwanza ilitoka, nawe ulikuwepo. Sasa nimwambie nini? Papai liko tumboni, siwezi kulitoa.

Nikasema, "Mungu atasaidia." Kaniangalia, kashika tumbo, katoka.